Meli ya Baba Kwenye Simu Yangu

Mie nauza mapazia Tandika, kwa hiyo mtu akinitajia mita, akili yangu inakimbilia kitambaa. Siku nilipoiona meli ya baba kwenye simu kwa mara ya kwanza, meli yenyewe sikuiona. Niliona kimshale chekundu kisichozidi punje ya mchele, kimekaa peke yake kwenye buluu, na nilipokigusa yakafunguka maandishi: urefu mita mia moja na tano, upana mita kumi na saba. Nikabaki mdomo wazi. Jora zima la pazia pale dukani lina mita hamsini, na likiletwa tunalibeba watu wawili huku tunaguna. Sasa hii ni majora mawili yamenyooshwa na bado mita tano zinaning'inia, tena ni chuma, tena kinaelea!

Halafu pale kwenye aina ya chombo pameandikwa kwamba ni meli ndogo ya mafuta. Ndogo! Nilisoma mara mbili. Programu hiyo ya kufuatilia meli alinionyesha mteja wangu mmoja ambaye mumewe naye ni baharia. Aliniambia kila meli duniani inatangaza yenyewe mahali ilipo, na mtu yeyote mwenye simu anaweza kuitazama akiwa amekaa zake kwenye stuli anakula karanga. Miaka yote hiyo baba yangu alikuwa anaonekana, na sie tulikuwa hatujui kama kuna pa kuchungulia.

Kesho yake asubuhi nikatoka kwenda kuipima meli mtaani. Nilianzia mlangoni kwetu nikawa natupa hatua ndefu, hatua moja mita moja, nahesabu kwa sauti. Nikaupita msikiti, nikalipita duka la Mwarabu ambako bibi yangu alikuwa akinunua kanga enzi zake, na nilipofika kwenye kona ya muuza chipsi ndiyo meli ikaisha. Nikageuka kutazama nilikotoka. Mlango wetu ulikuwa kule mbali, mama kasimama kibarazani, sura yake siioni vizuri. Na upana wake ungekula barabara, mitaro, na vibaraza vya nyumba za pande zote mbili. Subhanallah, nilisema, mtaa mzima umo baharini na baba yangu yumo ndani yake.

Kumbe huku nyuma nimewatia watu presha. Mtaa wetu ukimwona mtu anapima barabara, jambo la kwanza wanalolifikiria ni bomoabomoa. Mama mmoja alitoka na sufuria mkononi, akauliza kwa ukali, "Wewe, nani kakutuma kupima? Wanatuwekea alama ya X lini?" Nikamwambia napima meli ya baba. Akanitazama kuanzia kichwani mpaka kwenye ndala, akarudi ndani na sufuria lake. Nasikia mchana ule alimwambia mama anipeleke nikasomewe.

Baba yangu kwenye meli ndiye mtu wa pampu. Meli yao haibebi petroli, inabeba mafuta ya kula, haya ya mawese. Wanapakia Malaysia au Indonesia, wanaikata bahari nzima, wanashusha wanakoambiwa. Mie nilidhani kazi ni kujaza na kumwaga, hadi nilipomuuliza, akanitumia ujumbe wa sauti akiwa bandarini, upepo unavuma kwenye simu kama mtu anapuliza chupa. "Mafuta haya yakipoa yanaganda, mama. Yanakuwa kama samli. Ndani ya matangi mna mabomba ya mvuke, na sie njia nzima tunayapasha moto, kidogo tu. Ukizidisha umeyaharibu, ukipunguza yamekushinda kutoka. Mie ndo nakaa na hayo." Basi. Akamaliza na salamu kwa mama.

Nilikaa na ujumbe ule siku nzima. Tani elfu sita na mia tano za mafuta, mtu anayabembeleza yasigande katikati ya bahari! Yeye mwenyewe aliniambia ni sawa na malori ya mafuta zaidi ya mia mbili, yale yanayojipanga Kurasini. Kila nikila andazi nikawa namfikiria baba. Nilikuwa nikimwuliza maswali kama polisi: huu mwendo ulioandikwa hapa ni wa namna gani? Akasema, ni mwendo wa mtu anayeendesha baiskeli akiwa na haraka kidogo. Baiskeli! Kutoka Malaysia hadi huku kwa mwendo wa baiskeli, usiku na mchana, bila kupumzika. Na hii namba inayobadilika, leo mita sita na nusu, juzi ilikuwa nne? Akacheka. "Hilo tumbo lililo chini ya maji. Ikishiba inazama zaidi." Tangu hapo nikawa naweza kumwambia mama, mumeo amebeba mzigo, au, mumeo yuko mtupu.

Mama mwanzoni hakutaka hata kuisogelea simu. "Kumchungulia mtu aliyeko baharini, si uchawi huo?" Lakini haikupita muda akaanza kuuliza akiwa anachambua mchele, hanitazami, kama vile swali si lake: "Ndogo imefika wapi?" Hilo ndilo likawa jina lake nyumbani kwetu. Ndogo imefika wapi, Ndogo imelala wapi, Ndogo imeshiba au ina njaa.

Sasa nieleze jambo lililotufanya tuitazame Ndogo mpaka macho yakauma.

Dada yangu alipoolewa, baba alikuwa upande mwingine wa dunia. Sie kwetu siku ya ndoa baba ndiye anayekaa na bwana harusi msikitini, mkono kwa mkono, anatamka mwenyewe kwamba nimekuozesha binti yangu. Kwa dada ilibidi akae baba mdogo, yaani mdogo wake baba. Alisema vizuri, ndoa ikafungwa, pilau likaliwa. Baba akapigiwa simu mambo yamekwisha. Mama anasema aliitikia tu "alhamdulillahi", kisha kwa muda mrefu hakutuma hata salamu, mtu ambaye hapiti bandari bila kupiga simu.

Basi barua ya posa yangu ilipotoka Mbweni kwa kina mchumba wangu, baba alijibu maneno ambayo mama aliyarudia kwa kila aliyeingia nyumbani. Alisema, "Huyu wa mwisho namwoza mwenyewe. Kwa mkono wangu huu." Hakuwepo nilipozaliwa. Hakuwepo nilipoanza shule, wala nilipohitimu Qur'ani. Hakuwahi kuomba awekewe siku hata moja. Hii aliomba.

Na Mungu akaleta heri, meli ikapangiwa mzigo wa Dar. Miaka mingi haikuwa imekuja hapa. Niliiona kwenye simu imeanza safari, chini pameandikwa inakokwenda, Dar es Salaam, na tarehe ya kufika, Jumatano. Nilipiga kelele dukani mpaka mteja akaangusha sampuli za nyavu. Shangazi yangu, dada yake baba, ambaye hamwamini daktari wala utabiri wa hali ya hewa, simu hiyo aliiamini kama wahyi. "Jumatano anafika. Alhamisi anapumzika, anaoga, ananyoa. Ijumaa baada ya Alasiri anaozesha. Imeandikwa hapo, nyie mnataka nini tena?" Baba wa kumwuliza hatukuwa naye, keshaingia kilindini ambako simu haishiki. Kadi zikachapwa. Mbweni wakaambiwa, wakaafiki. Ng'ombe akaenda kuchaguliwa Vingunguti.

Kisha Ndogo ikapotea.

Kimshale kiligeuka kijivu, na maandishi yakasema ilionekana mara ya mwisho muda fulani uliopita. Yule mteja wangu alinituliza: ile huduma ya bure hunasa meli zilizo karibu na nchi kavu, meli ikiwa katikati ya bahari hakuna wa kuinasa. Nikaelewa, lakini kuelewa ni kitu kimoja na kulala ni kitu kingine. Niliivuta ile ramani nikaitazama bahari peke yake, kutoka Malaysia hadi kwetu. Haina kitu. Hakuna hata kijidoa. Mie nilikuwa naijua bahari ya Mbezi Beach, ya kwenda kula muhogo na kulowesha miguu. Sikujua kama ndiyo hiyo hiyo inayoendelea namna ile. Mita zangu mia moja na tano, zilizojaza mtaa na kuwatia watu hofu, nilijaribu kuziweka mle ndani kwa akili yangu nikashindwa. Baba anaingia humo kila mwaka, anatoka, anakuja kutuuliza tumekula nini.

Zaidi ya wiki ilipita hivyo. Mama hakuuliza Ndogo imefika wapi. Aliacha kabisa kuuliza, akawa anazidisha uradi baada ya sala, na mie nikawa najifanya naangalia bei za nguo. Shangazi pekee ndiye aliyekuwa na amani. "Imeandikwa Jumatano."

Jumanne asubuhi nikaifungua simu kwa mazoea tu. Kilikuwapo, chekundu, mashariki ya Mafia, kinakuja. Nilikimbia jikoni na nguo ya kulalia nikamwekea mama simu usoni. Alikitazama kile kimshale, akakigusa kwa kidole chenye unga, kikafunguka: mwendo ule ule wa baiskeli, tumbo limeshiba vile vile. Mama akakaa chini sakafuni. Alisema, "Yaa Rabbi, umemleta," akaanza kulia, na mie nikalia, uji ukamwagika. Na Jumatano kweli, mchana, Ndogo ikafika bahari ya Dar. Hebu fikiria! Bahari yote ile, kwa mwendo ule, na wamefika siku waliyosema. Shangazi alipita mtaani kama vile meli kaiendesha yeye. Nyumbani vigelegele, mashuka mapya yakatandikwa, mama akapaka hina vidoleni kama msichana.

Kisha kimshale kikageuka kiduara. Maandishi yakasema: imetia nanga.

Tulisubiri mlango ugongwe. Magharibi ikaingia. Ndipo simu ikalia, na sauti ya baba, karibu kabisa, kama yuko Temeke sokoni. Nikamwamkia, "Shikamoo baba, mbona hufiki?"

"Marahaba mama. Tumefika, ila tuko foleni. Kuna meli mbele yetu zinangoja gati. Ile tarehe mliyoiona anaiandika ofisa wetu kwa mkono, ni ya kufika hapa nje tu. Kuingia gatini ni habari nyingine. Huenda Jumapili. Huenda Jumatatu."

Nikasikia shangazi nyuma yangu anasema "Ee Mola wangu," akakaa.

"Sasa si uje na boti?" nikamwambia. "Wengine si wanashushwaga na boti?"

"Wengine ndiyo. Mzigo unapashwa moto, mwanangu. Kazi hiyo humu ninayo mie. Nikiondoka yakaganda, meli itakaa hapo mwezi."

Nilikata simu. Sikumuaga, nilikata tu, nikaingia chumbani nikabamiza mlango mpaka pazia likaanguka na fimbo yake.

Alhamisi nikamwomba baba mdogo anipeleke Kigamboni, Mjimwema, ufukweni. Nilitaka kuiona kwa macho, kama kwenda kuigombeza vile. Tulishuka kwenye mchanga mchana kweupe, nikashika simu mkononi, natazama ramani, natazama bahari. Na kweli zilikuwapo. Sijui nilitarajia nini. Meli zilikuwa zimejipanga huko nje, nyingi, na zote, kubwa kwa ndogo, zilikuwa zimeelekeza nyuso upande mmoja kama watu walio kwenye safu ya swala. Baba mdogo aliniambia ni maji yanayozigeuza. Zimefungwa nanga puani, maji yakibadilika nazo zinazunguka, hakuna anayeziamrisha. Nikatazama simu, na kila kiduara kilikuwa na kijipua kimeelekea kule kule. Tulikaa pale mpaka maji yakageuka, na kwa macho yangu haya niliona yale machuma yote yanageuka polepole, pamoja, bila sauti.

Nikampigia baba. "Ipi?"

"Iangalie nyeusi kubwa kupita zote. Mkono wa kushoto wake, kuna yenye tumbo jekundu na nyumba nyeupe nyuma."

Nikaiona. Jamani, ilikuwa ndogo kweli! Waliosema ndogo hawakukosea. Kando ya ile nyeusi ilikuwa kama mtoto aliyesimama na mamaye benki. Niliunyoosha mkono nikaifunika yote kwa ukucha wa kidole gumba. Mtaa wetu mzima, msikiti, duka la Mwarabu, chini ya ukucha wangu. Na kakitu hako ndiko kalikopita katikati ya ile bahari isiyo na doa, kamebeba tani zote zile za moto tumboni, na baba yangu ndani anageuza valvu. Hasira zote zikaniisha. Sikujua zilikwenda wapi.

"Mie naiona minazi," baba akasema. "Nyie mko upande gani wa minazi?"

"Kulia."

"Haya. Basi natazama kulia."

Hatukuonana, ni mbali mno. Lakini tulikaa hivyo, kila mmoja anatazama upande wa mwenzie. Baada ya muda akasema, "Usiahirishe. Wageni wa Unguja wamefika, watu wa Mbweni wamejiandaa. Mdogo wangu ataniwakilisha. Nimekwisha zungumza naye." Nikamtazama baba mdogo, naye akainamisha kichwa akachora mchangani kwa kidole cha mguu. Alikuwa anajua tangu asubuhi.

"Ulisema kwa mkono wako," nikamwambia baba.

"Nilisema. Lakini idhini yako ya kuolewa nakuomba mie. Hiyo simwachii mtu. Shekhe kakubali iwe kwa simu."

Ijumaa Alasiri nimekaa chumbani juu ya mkeka, hina mpaka viwikoni, nimefunikwa kanga kichwa kizima, wanawake wamejaa mpaka dirishani. Nje ya mlango wamesimama shekhe, baba mdogo na mashahidi wawili. Wakitoka hapo wanakwenda msikitini alikokaa bwana harusi. Shangazi kaishika simu mbele ya uso wangu, sauti imefunguliwa hadi mwisho.

Kwetu mwari haulizwi akajibu. Wali, yaani baba au anayemwakilisha, anakuja anauliza, mwari anainamisha uso, ananyamaza, pengine machozi yanamtoka, na watu wote wanaona kwamba keshakubali. Bibi yangu alinyamaza, mama alinyamaza, dada alinyamaza. Mwari anayejibu kwa sauti huyo atasemwa mpaka wajukuu wake waolewe. Mie tangu asubuhi nimefundwa na shangazi: ukiulizwa, kimya, hata ukiwashwa pua.

Baba akasema bismillahi. Sauti yake ilijaa chumba, wanawake wakatulia. Akanitaja kwa jina langu lote na la kwake. Akasema, "Mwanangu, fulani bin fulani amekuposa, kwa mahari mliyopatana. Umeniruhusu nikuozeshe kwake?"

Nikainamisha uso. Nikanyamaza kama nilivyofunzwa. Machozi yalianza kudondoka kwenye hina, na wanawake wakaanza kuguna ile miguno ya kuridhika. Shangazi alikuwa keshavuta pumzi ya kupiga kigelegele.

"Hallo?" baba akasema.

Kimya.

"Hallo? Mnanipata? Mwanangu, umeniruhusu?"

Mtu mmoja dirishani akasema, "Kanyamaza, baba, kakubali!" Mwingine akadakia, "Analia huyo!" Lakini wote walisema kwa pamoja, na kule kwake, nadhani, ilifika kelele tu.

"Mama," baba akasema, na sauti ilikuwa imebadilika, ilikuwa na woga ambao sikuwahi kuusikia kwake. "Mie huku sikuoni. Kimya chako nakisikia kama mtandao umekata. Nifanyie hisani, mama. Sema."

Shangazi akanitolea macho, anatikisa kichwa, usithubutu. Mie nilikuwa nimeshaifunua kanga. Nikaishika ile simu kwa mikono miwili yenye hina mbichi, nikaisogeza mdomoni, na nikasema kwa sauti ambayo shekhe aliisikia nje, na mtaa ukaisikia:

"Nimekuruhusu, baba yangu! Niozeshe!"

Hakuna aliyepiga kigelegele. Hakuna hata aliyekohoa. Na kwenye simu nako hakukutoka neno. Shangazi akanyoosha mkono kuichukua simu, akanong'ona, "Imekata. Mpigie tena." Nikamzuia. Haikuwa imekata. Niliusikia upepo unavuma huko juu ya meli, na ndani ya ule upepo nilimsikia baba yangu analia.